Bi Polixeni na Karatasi Nane za Lithovrisi

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Polixeni Zerva, Mkuu wa Idara ya Miandiko, anatimiza miaka thelathini na saba ya kazi katika Taasisi yetu ya Hati za Kale hapa Thesaloniki, na siku hiyohiyo anastaafu. Aliingia mwaka 1987 akiwa na shahada mbili, koti moja, na kiburi cha kuwatosha watu wanne. Koti alilibadilisha mapema.

Mhariri wa jarida ameniomba nisizidi kurasa tatu, nisitie chumvi, na nisiitaje kesi. Kwa mawili ya kwanza nitajitahidi. La tatu halinipiti kooni. Ukimwondolea Bi Polixeni kesi ile unabaki na tarehe za kupandishwa cheo, na hizo ziko kwenye faili, mwenye hamu akazisome. Mimi ni mpiga picha wa Taasisi, nimefanya naye kazi miaka ishirini na miwili, na mambo haya sikusimuliwa.

Kwa wenzetu wa uhasibu na ulinzi, ambao kila Krismasi huniuliza yule mama hufanya nini hasa: hutazama ukurasa wa Kigiriki ulioandikwa kwa mkono na mtu aliyekufa miaka mia saba iliyopita, mtu asiyeacha jina wala tarehe, kisha husema uliandikwa lini, na mara nyingine na nani. Mwandiko una mitindo yake kama nguo. Wajukuu hawaandiki kama babu zao, hata wakijitahidi. Anayeijua mitindo hiyo hukisia umri wa kitabu kama mfugaji anavyokisia umri wa mbuzi kwa kumfunua mdomo.

Desturi yake ni kuugeuza ukurasa juu chini. Husema mtu akianza kusoma maneno haoni tena mkono ulioyaandika. Mgeni mmoja kutoka Volos, daktari wa falsafa mzima, alianza kunong'ona Zaburi mbele ya hati, Bi Polixeni akamgusa bega: "Kanisa liko ng'ambo ya barabara, bwana. Hapa tunatazama." Profesa mwingine aliingia chumba cha kusomea na chupa ya maji, akatolewa nje pamoja na chupa yake. Kumbe ndiye aliyekuwa ametumwa kuamua kama tupewe msaada au tunyimwe. Tulipewa, na mpaka leo sijui alituhurumia au alimwogopa.

Umaarufu wake ulitokana na kazi ya ujana. Mwaka 1989 familia moja tajiri ya Athens ilimwalika aorodheshe hati zao za mkono, mia mbili na kumi na mbili. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Orodha hiyo ilichapishwa, ikasifiwa, ikamfungulia milango. Namba 48 ilikuwa karatasi nane za ngozi kutoka Injili ya Luka, zisizo na jina wala mwaka. Chini yake aliandika: karne ya kumi na moja, nusu ya pili, hakuna shaka. Picha ya namba 48 ikaingia katika kitabu chetu cha kufundishia kuwa mfano wa mwandiko wa karne hiyo. Wanafunzi wa miaka thelathini wamejifunzia pale. Mimi mwenyewe niliisafisha picha hiyo kwa toleo la tatu, nikaipenda kama yangu.

Oktoba 2021 nilitumwa Lithovrisi, kijiji cha milimani huko Epiro, kupiga picha Injili ya kanisa lao. Ni kitabu cha ngozi, na kwenye ukurasa wa mwisho mnakili amejitaja: Ioannikios, mtawa, mwaka 6808 tangu kuumbwa kwa ulimwengu, yaani 1300 kwa hesabu yetu. Katikati ya Luka kuna pengo. Karatasi nane zilikatwa wakati wa vita, watu walipokuwa wamekimbilia misituni, na hakuna anayejua ni mkono wa nani. Tangu hapo, kila tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Bikira, padri hukifungua kitabu cha kale palepale penye pengo, ambapo ndipo somo la siku hiyo lilipokuwa, huweka juu yake Injili iliyonunuliwa dukani, na kusoma humo. Kukifungua mahali pengine siku hiyo ni mwiko.

Funguo za kanisa anazo Bibi Lambrini, mjane aliyekuwa na miaka themanini na minne wakati huo. Siku mbili nzima alikaa kando yangu, mikono kifuani, akichunga nisije nikapiga chafya juu ya kitabu. Siku ya pili alilegea, akanipa supu ya maharage, akanieleza yaliyobaki. Karatasi zao ziko Athens, kwa familia ileile ya orodha. Mumewe aliona picha gazetini mwaka 1996, akaandika barua kuziomba. Jibu lilikuja kwa mistari mitatu: kitabu chenu ni cha mwaka 1300, karatasi zetu ni za karne ya kumi na moja, mtaalamu amethibitisha, kwa hiyo si zenu. Mzee alikufa na jibu hilo. Sasa familia ilitaka kuziuza nje ya nchi, na kijiji kilikuwa kimekwenda mahakamani kuzuia. Kesi ilipangwa Machi. Wakishindwa, karatasi zingepanda ndege na kwisha habari yake.

"Huyo mtaalamu ni nani, mwanangu?" aliniuliza huku akinikatia mkate. "Wewe si unafanya kazi na watu hao? Humjui?"

Nilimwambia simjui. Nilikuwa na tonge mdomoni na uongo ulinitoka kirahisi kuliko nilivyotaka.

Jumatatu asubuhi nilimwekea Bi Polixeni picha mezani. Niliomba Mungu Bi Polixeni anicheke, aseme miandiko hiyo haifanani. Alizigeuza juu chini, akavuta taa, akatazama moja, ya pili, ya tatu. Kisha akasimama, akaenda kwenye rafu, akachukua orodha yake ya mwaka 1989 na kuifungua kwenye namba 48. Aliweka kitabu na picha sambamba. 

"Stamatis, funga mlango," aliniambia.

Nilifunga.

"Huyu mtu namjua," alisema. "Nilimpa umri usio wake."

Nitaeleza kosa lenyewe, maana ni kosa la wataalamu. Mtu asiyejua kitu asingenaswa. Karibu na mwaka 1300 wanakili walikuwa na fasheni ya kuvimbisha herufi za duara katikati ya herufi ndogo, mpaka ukurasa ukaonekana kama supu yenye matone ya mafuta yanayoelea juu. Watu wa fani huyaita macho ya mafuta. Lakini walikuwapo wengine walioona fasheni hiyo haifai kwa vitabu vitakatifu, wakaiga mwandiko wa mababu wa zaidi ya miaka mia mbili nyuma. Ioannikios alikuwa fundi wa kuiga. Mwanzoni mwa mstari ni babu mtupu. Mwishoni, nafasi inapombana na mkono unapoharakisha, herufi ya duara inamvimbia, na umri wake unajitokeza. Mwaka 1989 Bi Polixeni aliachiwa karatasi zile nusu asubuhi. Ukurasa wa kwanza, mnakili akiwa bado na nguvu zake, aliutazama vizuri. Zilizofuata alizipitia harakaharaka. Alijua sana jinsi mwandiko wa karne ya kumi na moja unavyoonekana, akauona hata pasipokuwapo.

"Hilo ningejisamehe," aliniambia. "Lakini mwaka 1996 familia ilinipigia simu. Walisema kuna kijiji kinadai, je, nina hakika? Niliwajibu nimesimama, koti mkononi, natoka kwenda kula. Sikufungua hata picha. Nikasema sina shaka."

Alikwenda kwa mkurugenzi wa wakati ule. Huyo naye namtendea haki: kila alichosema kilikuwa kweli. Hakuna aliyemwita shahidi. Kijiji kina wakili, wakili atafute mtaalamu wake. Bi Polixeni akikiri, kitabu cha kufundishia kinakwenda na maji, wanafunzi wa miaka thelathini watajua walifundishwa kinyume, na kila tarehe aliyowahi kutoa itatiliwa shaka. "Umebakiza miaka miwili na nusu, Polixeni," alimwambia. "Nyamaza tu, yatapita."

Zikapita wiki tatu. Hakumtania mtu. Chakula alikuwa akikifungua na kukifunga. Alijifungia na picha zile, akipima, akiandika, akichana alichoandika. Nami nilikasirika, na siku moja nilimkamata ngazini nikamwambia kwa sauti ambayo haimfai mkuu wa idara.

"Bibi yule ana miaka themanini na minne. Unasubiri nini?"

"Nasubiri nisikosee tena."

"Na ukipata uhakika karatasi zikiwa zimeshavuka bahari?"

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi, akapanda juu. Nilijuta mpaka jioni. Kesho yake aliandika barua mbili zenye maneno yaleyale, moja kwa wakili wa kijiji na moja kwa familia ya Athens, akizieleza pande zote mbili kwamba alikosea. Alizipeleka posta kwa miguu yake. Nakala ya mkurugenzi aliipeleka aliporudi kutoka posta.

Tulipanda treni kwenda Athens tarehe 13 Machi 2022. Njiani aliniuliza mara nne kama picha ninazo. Asubuhi yake ukumbi wa mahakama ulikuwa baridi, na watu wa Lithovrisi walikuwa wamejaza safu mbili, wamevaa nguo za kanisani. Bibi Lambrini alikuwa mbele. Aliponiona nimekaa na Bi Polixeni, alielewa kwamba mtaalamu nilikuwa namjua. Hakunisalimu.

Kingo za karatasi zile nane zilikuwa zimekatwa na kusawazishwa, na kitabu cha kijiji kilishonwa upya zamani, kwa hiyo hapakuwa na kovu la kulinganisha. Kwamba ni Luka na pengo ni la Luka, wakili wa familia alilifuta kwa neno moja: kila Injili ina Luka. Kilichobaki ni mwandiko, na mwandiko ulikuwa na shahidi mmoja.

Wakili huyo alikuwa mtu mpole, na upole wake ulitisha. Aliisoma namba 48 neno kwa neno, akitua vizuri kwenye "hakuna shaka."

"Ni wewe uliyeandika haya, bibi?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa hujui kazi?"

"Kazi niliijua. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa najiona."

Watu walicheka kidogo. Bi Polixeni hakucheka.

"Mwaka 1996 uliulizwa tena. Ulijibu nini?"

"Kwamba sina shaka."

"Baada ya kuzichunguza upya?"

 Hapo angeweza kusema hakumbuki. Ni miaka ishirini na sita, nani angembishia? 

"Bila kuzitazama," alisema. "Nilijibu kwa simu, nikaenda kula."

Mtu mmoja katika safu ya Lithovrisi alitoa neno ambalo siwezi kuliandika katika jarida la kazi. Jaji kiongozi, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aligonga meza. Wakili akasubiri utulivu urudi, akainamia karatasi zake.

"Kwa hiyo ulikosea mara ya kwanza kwa haraka, mara ya pili kwa uvivu. Leo ni mara ya tatu. Mahakama itajuaje kwamba safari hii hukosei?"

"Haitajua kwa kuniamini mimi," alisema Bi Polixeni. "Naomba isiniamini. Naomba itazame."

Akanipungia mkono. Nilipeleka mezani kwa majaji picha mbili kubwa, moja ya kitabu cha kijiji na moja ya karatasi za familia, zote juu chini.  Aliwaambia wasihangaike na maneno. Wafunike mianzo ya mistari kwa karatasi, waache upana wa vidole viwili tu mwishoni mwa kila mstari, kisha watafute duara iliyovimba kuliko jirani zake. Wakili alisimama kupinga, majaji si wataalamu wa miandiko.

"Kaa, wakili," alisema jaji kiongozi bila kuinua kichwa. "Natazama."

Alitazama kwa muda ambao mimi naukadiria kuwa dakika kumi, na ambao Bi Polixeni anaapa ulikuwa saa. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari kwenye picha ya kwanza. Kikahamia ya pili. Kikarudi. Alisema "hili hapa" kwa sauti ndogo, kisha "na hili." Jaji wa kulia naye akavuta kiti. Kisha mama yule akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Shahidi, njoo. Hiki kimkia, juu ya neno la mwisho, kinachorudi nyuma kama kulabu. Kiko huku. Na kiko huku pia. Nacho ni cha mtu huyuhuyu?"

Bi Polixeni alisogea, akainama. Miezi mitano alikuwa amelala na picha zile. Nilimwona akikitazama kimkia hicho upande mmoja, kisha upande mwingine, na shingo yake ikawa nyekundu.

"Sikukiona hicho," alisema. "Ndiyo. Ni chake. Mkono mwingine wenye kulabu ya namna hii siujui."

Jaji alikiandika. Wakili wa familia alikaa, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakutabasamu.

Hukumu ilichukua wiki saba, na wiki hizo zilimla. Mkutano wa nje uliokuwa umemwalika kuwa mzungumzaji mkuu uliandika kwa adabu kwamba ratiba imejaa. Mtu alibandika picha ya namba 48 kwenye mlango wetu, juu yake ameandika "karne yoyote upendayo." Niliing'oa nikidhani hajafika, akaniambia mchana kwamba alikuwa ameshaiona asubuhi, na kwamba kwa utani haikuwa mbaya. Usiku gani alilala sijui, mchana aliendelea kugeuza kurasa juu chini kama kawaida, ila kila tarehe aliyotoa alimwita mtu mwingine aithibitishe, hata nikiwa ni mimi nisiyejua kitu. Mwanzoni mwa Mei simu ikaja. Karatasi nane ni za Lithovrisi.

Tulidhani atafurahi. Aliketi, akasema, "Miaka ishirini na sita," akalia. Sikuwahi kumwona akilia, na sikujua nifanye nini, nikamletea kahawa akaisahau.

Agosti ile kijiji kilitualika. Alikataa mara mbili, mara ya tatu nikamwambia nitakwenda peke yangu na kusema aliogopa. Tulifika tarehe kumi na tano asubuhi, joto kali, kanisa limefurika hadi uani. Alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali pa mtu anayetaka kutoka haraka. Padri alikifungua kitabu cha kale, na mara hii hakuweka kitu juu yake. Alisoma maneno ya Ioannikios kutoka kwenye ngozi ya Ioannikios. Wazee walikuwa wakilia waziwazi. Bi Polixeni alitazama sakafu muda wote.

Baada ya ibada watu walikaa uani kula, na Bibi Lambrini akamwendea. Watu walipisha. Walikuwa hawajawahi kusemezana.

"Umechelewa," alisema bibi.

"Nimechelewa."

"Mume wangu angekutukana."

"Angekuwa na haki."

"Mimi nilikutukana kwa niaba yake. Kila Agosti. Jina sikulijua, nilitukana tu." Akaongeza: "Ungenyamaza pia, hakuna ambaye angejua. Kwa nini ulikuja?"

 

Bibi Lambrini hakungoja jibu, aliketi kwenye benchi, akapapasa nafasi iliyobaki. "Kaa basi," alisema. "Pai inapoa." Akamkatia kipande kikubwa kuliko changu, nami ndiye niliyekuja na kamera.

Tangu siku hiyo Bi Polixeni amefanya kazi moja zaidi. Amezipitia upya hati zote mia mbili na kumi na mbili za orodha yake, moja moja, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Toleo jipya limetoka mwezi uliopita. Ukurasa wa kwanza, kabla hata ya dibaji, una makosa kumi na moja aliyoyakuta, na chini yake sahihi yake. Mkutano ule uliojaa ratiba umemwalika tena. Hajawajibu, na nina hakika anafurahia kutowajibu.

Bi Polixeni, Taasisi inakushukuru kwa hati elfu tatu na mia nne ulizozipa umri, kwa wanafunzi uliowafinyanga na kwa maprofesa uliowatoa nje. Mimi nakushukuru kwa asubuhi ile ya Machi. Nimefanya kazi na watu wengi hodari, na kwa wengi wao nisingepanda treni.

Bibi Lambrini alinipigia simu jana, ana miaka themanini na saba sasa, akauliza kama kweli unastaafu. Nilipomjibu ndiyo, akasema chumba chake cha juu kinapata jua la asubuhi, kitanda kimetandikwa, na yeye hana miaka mingi ya kusubiri watu. Nimemwambia utakwenda. Maisha yako yawe mema, dada yetu, na safari hii usichelewe.

Stamatis Vrettos, Chumba cha Picha